Printa Imegoma, Foleni Imejaa: Kuifufua Huduma ya Print Spooler Bila Kupiga Windows Upya

Ukiwa na duka la steshenari Mbeya mjini, iwe Mwanjelwa, Soweto au kule Iyunga karibu na chuo cha MUST, hali hii unaifahamu. Taa ya printa ni ya kijani, karatasi zipo, wino upo. Unatuma kazi, Word inaipokea vizuri, halafu kimya. Unatuma tena, kimya. Mwanafunzi aliyekuja kuprinti fomu za mkopo anaangalia saa, na mwalimu aliyepanda gari asubuhi kutoka Tukuyu akiwa na mtihani kwenye flashi anauliza, "Dada, nirudi saa ngapi?" Unazima printa na kuiwasha, unachomoa waya na kuuchomeka, unazima kompyuta na kuiwasha. Bado.

Hapo wengi huita fundi, na fundi mwenye haraka hupiga Windows upya. Jambo hili linaniuma. Mafaili ya wateja yaliyokuwa Desktop yanakwenda, draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na printa) zinaanza kutafutwa upya kwa bando, siku nzima ya biashara inapotea, na kumbe chanzo kilikuwa faili moja lililokwama kwenye folda moja. Kazi ninayoieleza hapa inaweza kufanywa na mtu yeyote anayejua kutumia kibodi, mradi awe na neno la siri la akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11.

Huduma ni nini, na hii inafanya nini

Word au Chrome unaifungua mwenyewe na unaiona kwenye skrini. Huduma ni programu ambayo Windows huiwasha yenyewe kompyuta inapowaka, mara nyingi hata kabla hujaingiza neno la siri, na haina dirisha. Ziko nyingi: ya sauti, ya saa, ya mtandao, ya apdeti. Inayoshughulikia kuprinti inaitwa Print Spooler, na humu nitaiita spula. Faili lake ni spoolsv.exe na liko ndani ya C:\Windows\System32.

Spula inafanya kazi kama mtu wa mashine ya kusaga. Wewe unaacha debe lako la mahindi kwenye mstari na kwenda kuendelea na shughuli zako, yeye anasaga moja baada ya jingine. Word nayo hukabidhi kazi kwa spula na kukurudishia ukurasa wako uendelee kuandika. Ila debe moja likiwa na jiwe, mashine inasimama, na wote walio nyuma wanasubiri hata kama mahindi yao ni safi.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata: foleni haikai kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inaandikwa kwenye diski. Kila kazi huwa na mafaili mawili katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Moja huishia na .SPL, nalo lina kurasa zenyewe. La pili huishia na .SHD, nalo lina maelezo: kazi ni ya nani, inakwenda printa gani, nakala ngapi. Kazi ikimalizika, yote mawili hufutwa.

Kwa kuwa yako kwenye diski, umeme ukikatika hayapotei. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na radi zake hazibishi hodi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili linaweza kubaki limeandikwa nusu. Ukirudi, spula inawaka, inakuta faili lile, inajaribu kulisoma, inaanguka. Windows inaiwasha tena, inaanguka tena. Wewe unaona printa imegoma, lakini printa haijaletewa hata ukurasa mmoja.

Na kuna kitu kingine kinachowachanganya watu sana. Kwenye Windows 10 na 11, kompyuta nyingi zimewekewa uwakaji wa haraka. Ukibofya "Shut down", Windows haifungi kila kitu. Sehemu ya mfumo, pamoja na huduma zake, inahifadhiwa kwenye diski kama ilivyo na kurudishwa hivyo hivyo utakapowasha. Huduma iliyoganda inaweza kurudi ikiwa imeganda. Anayeanza kila kitu upya ni "Restart". Kwa hiyo unapotaka kuiwasha kompyuta upya ili kuondoa tatizo, chagua "Restart", hata kama kuzima na kuwasha kunaonekana ni kitu kilekile.

Kwanza jua tatizo liko upande gani

Kabla hujagusa chochote, fungua Word, andika mstari mmoja, bonyeza Ctrl na P, kisha katika orodha ya printa chagua "Microsoft Print to PDF". Hiyo si printa ya kweli, haina waya wala wino, lakini kazi yake hupitia kwa spula kama kazi nyingine. Ikikuuliza uhifadhi faili wapi na faili likatokea, spula iko hai. Shughulika na waya, printa, au foleni ya printa ile moja. Orodha ya printa ikiwa tupu, au Windows ikikuambia "The local print spooler service is not running", basi tatizo ni huduma yenyewe.

Jaribio hili ni la dakika moja tu. Mtu akikuuzia waya mpya wa USB au kukushauri ubadilishe printa kabla ya kulifanya, mwambie asubiri.

Sasa iangalie huduma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, bonyeza Enter. Shuka hadi "Print Spooler". Soma safu mbili. "Status" inapaswa kusema "Running". Ikiwa wazi, huduma imezimika. "Startup Type" inapaswa kusema "Automatic". Ikisema "Disabled", kuna mtu au programu iliyoizima makusudi. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya huduma kukataa kuwaka.

Usishangae ukikuta "Running" huku foleni imeganda. Kuwa hai si sawa na kufanya kazi, na hatua zinazofuata zinahusu hali zote mbili.

Kusafisha foleni, hatua kwa hatua

Waambie wateja waliokwisha kutuma kazi kwamba itabidi kutuma tena. Nyaraka zao haziguswi. Kinachoondoka ni nakala iliyokuwa ikisubiri kuprintiwa.

1. Katika dirisha lile la services.msc, bofya "Print Spooler" kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Stop". Lazima huduma isimame kwanza. Ikiwa inaendelea, imeyashikilia mafaili yake na Windows itakukatalia kuyafuta.

2. Fungua dirisha la mafaili, bofya kwenye mstari wa anwani juu, andika C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ubonyeze Enter. Windows ikiomba ruhusa, bofya "Continue".

3. Usiharakishe kufuta. Panga mafaili kwa tarehe na uyatazame. Faili la zamani kuliko yote ndilo la kushuku kwanza, hasa kama saa yake inalingana na ile umeme ulipokatika. Tazama na ukubwa pia: .SPL lenye ukubwa wa sifuri, au lililo kubwa kupita kiasi kuliko mengine, nalo ni la kushuku. PDF iliyoskaniwa kwa rangi inaweza kuvimba mara nyingi ikishageuzwa kuwa .SPL, na kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo hushindwa kuimeza.

4. Kama kazi zote zinaweza kutumwa tena, futa kila kitu kilichomo. Futa yaliyomo tu, folda ya PRINTERS ibaki. Na kwa usalama wako, usiguse folda ya jirani inayoitwa drivers. Humo ndimo draiva za printa zako zote zinamoishi.

5. Rudi services.msc, bofya kulia, chagua "Start". Printi ukurasa mmoja wa majaribio kabla hujamwita mteja.

Kuna siku kufuta kila kitu ni hasara, kwa mfano mteja ameondoka na flashi yake na kazi yake iko kwenye foleni. Basi badala ya kufuta, yahamishie mafaili yote kwenye folda nyingine, tuseme Desktop. Washa spula, hakikisha inafanya kazi. Kisha izime tena, rudisha mafaili isipokuwa jozi unayoishuku, ukihakikisha kila .SPL linarudi na .SHD lake na majina hayabadilishwi, halafu iwashe. Mara nyingi kazi hujitokeza tena kwenye foleni na kuendelea. Ukimaliza, futa ile folda ya Desktop. Ndani ya .SPL kuna vyeti vya watu, namba za NIDA, matokeo ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mteja alikuamini.

Huduma ikikataa kusimama na kubaki na neno "Stopping", usisubiri saa nzima. Katika kisanduku cha kutafuta andika cmd, ambalo ni dirisha la kuandikia amri, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

taskkill /F /IM spoolsv.exe

Amri hiyo inaikata kwa nguvu. Windows inaweza kuiwasha tena yenyewe baada ya sekunde chache, kwa hiyo fuatisha hizi papo hapo:

net stop spooler
del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler

Mistari hiyo mitatu ndiyo hatua zote za hapo juu kwa mkato. Mwenye duka lenye wahudumu wanaopokezana anaweza kuiandika kwenye Notepad na kuihifadhi kwa jina safisha.bat, siku ya tatizo mhudumu analibofya kulia na kuchagua "Run as administrator". Ila mfundishe kwanza kusoma foleni, maana faili hilo halimuulizi mtu chochote, linafuta tu.

Kama mna kompyuta mbili zinazotumia printa moja, kila moja ina spula yake na foleni yake. Safisha zote mbili, ukianza na ile iliyounganishwa na printa kwa waya.

Ikianguka tena baada ya kusafishwa

Folda iko tupu, umeiwasha, na dakika mbili baadaye imezimika. Hapa wengi hubofya "Start" siku nzima. Acha. Kuna kitu kinaiangusha, na Windows imekwisha kukiandika jina.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc. Upande wa kushoto fungua "Windows Logs", kisha "System". Tafuta tukio namba 7031 au 7034 linalotaja Print Spooler. Hilo linathibitisha kwamba huduma ilianguka, haikuzimwa na mtu. Kumbuka saa yake. Sasa nenda "Application" na utafute tukio namba 1000 la saa hiyohiyo. Ndani yake utaona mstari wa "Faulting application name: spoolsv.exe", na chini yake mwingine: "Faulting module name". Jina la faili lililo hapo, mara nyingi linaloishia na .dll, ndilo unalolitafuta.

Jina hilo huwa fumbo la herufi na namba. Lifumbue hivi: nenda C:\Windows\System32\spool\drivers\x64\3, litafute faili, bofya kulia, chagua "Properties", kisha "Details". Utaona ni la kampuni gani. Na mara nyingi utakuta ni draiva ya printa ambayo hamnayo tena, iliyouzwa au kuharibika zamani, lakini draiva yake imebaki na inaendelea kuitwa kila spula inapowaka. Maduka yetu hubadilisha printa kila zinapokufa, na karibu hakuna anayeondoa draiva ya ile ya zamani.

Kuiondoa, anza kwa kuifuta printa hiyo kwenye "Settings", sehemu ya printa na skana. Printa ikifutwa, draiva bado ipo. Sasa bonyeza kitufe cha Windows na R, andika:

printui /s /t2

Orodha ya draiva zote itafunguka. Chagua isiyotakiwa, bofya "Remove", kisha "Remove driver and driver package". Ukiambiwa inatumika, anzisha spula upya na urudie haraka kabla haijaishika tena. Kama mkosaji ni draiva ya printa mnayoitumia, iondoe vilevile, halafu pakua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji, ya modeli yenu hasa. Zile tovuti zinazokusanya draiva za kila kampuni ziepuke kabisa, maana nyingi hukupa draiva pamoja na mzigo usiouomba.

Ikikataa kuwaka kabisa

Ukibofya "Start" na Windows ikajibu kwa namba, namba hiyo ni msaada mkubwa. Iandike.

1058 maana yake huduma imewekwa "Disabled". Mwezi Julai 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa wa usalama kwenye spula, uliopewa jina la PrintNightmare, na ushauri wa wakati ule kwa waliokuwa bado hawajapata apdeti ulikuwa kuizima. Wengine waliizima wakasahau. Zipo pia programu za kuharakisha kompyuta ambazo huzima huduma bila kukueleza vizuri. Kwenye cmd ya msimamizi andika:

sc config spooler start= auto
net start spooler

Nafasi iliyo baada ya alama ya usawa ni ya lazima.

1068 maana yake huduma ambayo spula inaitegemea haijawaka. Andika sc qc spooler na usome mstari wa "DEPENDENCIES". Kwa kawaida yapo majina mawili tu: RPCSS na http. Ya kwanza ni moyo wa Windows na ni nadra kukuta imezimwa. Ya pili haionekani kwenye services.msc, ndiyo maana watu huitafuta wakaikosa. Iangalie kwa sc qc http; ikisema "DISABLED", andika sc config http start= demand, kisha ufanye "Restart". Na ukikuta jina la tatu kwenye mstari ule, kuna programu ya printa ya zamani iliyojiweka hapo na baadaye ikaondolewa. Rudisha orodha ya asili:

sc config spooler depend= RPCSS/http

Namba 5 maana yake huna ruhusa. Umefungua cmd bila "Run as administrator".

Yote hayo yakishindikana, huenda mafaili ya Windows yenyewe yameharibika. Endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow, kisha "Restart". Ya kwanza hupakua kutoka intaneti, kwa hiyo hakikisha bando linatosha na umeme haunyemelei kukatika.

Pia hakikisha spoolsv.exe mliyonayo ni ya kweli. Flashi za wateja huleta virusi, na virusi hupenda kujificha kwa majina ya mfumo. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda "Details", bofya kulia spoolsv.exe, chagua "Open file location". Ikikupeleka popote tofauti na System32, tenga kompyuta hiyo na mtandao na uisafishe kwa antivirasi kabla ya flashi nyingine yoyote kuingia.

Kuiweka sawa ili isisumbue

Kinga ya kwanza ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika. Hata ndogo, inayoshikilia kompyuta kwa dakika chache tu, inatosha spula kumaliza kuandika faili lake. Printa ya leza usiiunganishe kwenye betri ya UPS hiyo; inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Iunganishe kompyuta na skrini tu.

Kisha fungua "Properties" ya Print Spooler, sehemu ya "Recovery". Kuanguka kwa kwanza na kwa pili weka "Restart the Service". Kwa tatu mimi huacha "Take No Action". Ukiilazimisha kujiwasha milele hutajua kwamba draiva ina kasoro, utaona tu printa inasitasita na kompyuta nzito.

Katika "Printer properties", sehemu ya "Advanced", hakikisha "Keep printed documents" haina alama ya vema. Ikiwa nayo, kila kazi mliyowahi kuprinti inabaki kwenye diski, na diski ya C ikijaa spula haina pa kuandika. Kama C ni ndogo na D ina nafasi, fungua printui /s /t2, nenda "Advanced", na ubadilishe mahali pa folda ya foleni; chagua folda mpya iliyo tupu, si D nzima, na kumbuka kwamba tangu siku hiyo usafi utafanyika huko na ile safisha.bat itabidi ibadilishwe.

Apdeti za Windows msiziahirishe bila mwisho. Spula hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, kwa hiyo udhaifu wake ni mlango wa kompyuta nzima. Windows 10 iliacha kupata apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za madukani bado ziko humo. Kama mashine yenu inakidhi vigezo vya Windows 11, pangeni kuhama wakati biashara imepoa, si wiki ya mitihani. Na ile kompyuta ya pembeni inayotumika kwa kuchapa tu na haiprinti kamwe, izimieni spula:

net stop spooler
sc config spooler start= disabled